Goma: Msumari mmoja, aina moja ya ufunguo

Mjini Goma, mteja mwenye kushika ufunguo wake wa mwisho hapendi kuambiwa arudi kesho. Hivyo fundi hutundika mapema funguo zisizochongwa, kila aina na msumari wake: za kadena, za serire za milango, za pikipiki. Anatazama kwanza mifereji. Isipolingana, ufunguo hauingii hata ukichongwa vizuri, na pesa imepotea. Zinazoulizwa sana hukaa karibu na mkono, na hununuliwa zingine kabla hazijaisha.

Tarehe 27 Mei 2021, wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuhama sababu ya volkano Nyiragongo. Familia ikitawanyika hivyo, nyumba yenye ufunguo mmoja inamngoja aliyeubeba.