Machubwi ya risasi: Mtaji mdogo, gharama kubwa isiyoandikwa daftarini

MTU anayetaka kuanza kusubu machubwi ya nyavu na mishipi hana haja ya kwenda benki kuomba mkopo. Jiko la mkaa, chombo cha chuma, upawa, kalibu na gunia la risasi chakavu vinatosha kumwingiza kazini.

Soko nalo lipo karibu. Popote wanapovua kwa nyavu au mishipi, iwe mwambao wa Bahari ya Hindi au Ziwa Victoria, chubwi ni bidhaa inayonunuliwa kila mara. Hukwama kwenye mawe, hukatika na kuzama, na mvuvi hulazimika kununua jingine.

Ndiyo maana kazi hii huwavutia vijana wasio na mtaji. Tatizo ni kwamba gharama yake kubwa haimo katika bei ya malighafi wala ya mkaa. Imo katika sumu ya risasi yenyewe, na anayeilipa mara nyingi si mwenye biashara bali ni mtoto wake, jirani yake au ng'ombe wake.

Kabla ya kuwasha jiko, mjasiriamali anapaswa kufanya hesabu mbili: ya fedha na ya sumu. Akizifanya zote, huenda akagundua kuwa kwa sehemu kubwa ya soko lake hahitaji risasi kabisa.

Kwa nini risasi hupendwa

Risasi ni metali laini na nzito, ile ile iliyoipa jina risasi ya bunduki. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, wakati aluminiamu huyeyuka kwenye 660 na chuma hupita 1,500. Jiko la kawaida la mkaa linaiweza bila taabu.

Nchini Marekani wapo wawindaji na walenga shabaha wengi wanaosubu risasi za bunduki nyumbani kwa njia hii hii ili kupunguza gharama ya kununua za dukani. Hapa kwetu kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai, hivyo fundi hana sababu ya kuligusa jambo hilo. Lakini kanuni za usalama wanazozifuata wasubuji hao zinafaa sawasawa kwa anayesubu machubwi.

Kanuni mojawapo ni kutovunja betri ya gari ili kupata risasi. Ndani ya betri mna tindikali, na mna unga wa risasi ambao hupeperuka na kuingia kila mahali. Zaidi ya hayo, risasi ya betri huchanganywa na metali nyingine ambazo makapi yake yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi yenye sumu kali.

Aidha, betri chakavu huhesabiwa kuwa taka hatarishi. Kuzikusanya, kuzisafirisha au kuzichakata kunahitaji kibali, ambacho Tanzania husimamiwa na NEMC na Kenya na NEMA. Mwenye betri kuukuu anafanya vyema kuiuza nzima, bila kumwaga tindikali, kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Funzo la Thiaroye na Mombasa

Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha pwani kando ya Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi mafundi wa hapo walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kusubu vizito vya nyavu za wavuvi. Ilikuwa kazi ndogo ya mtaani, na vumbi lake lilijilimbikiza kwenye mchanga wa makazi.

Bei ya risasi ilipopanda duniani, wanunuzi walianza kuutaka hata mchanga wenyewe. Wakazi waliuchimba, wakauchekecha na kuuhifadhi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walifariki dunia kwa kile ambacho uchunguzi ulikihusisha na sumu ya risasi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mtoto wake ana risasi mwilini, akaanza kupigania haki za wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa daftarini, na imewachukua watu miaka mingi mahakamani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huharibu ubongo unaokua. Kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hujificha kwenye mifupa kwa miaka, na dalili zake, kama maumivu ya tumbo, kichwa kuuma, uchovu na upungufu wa damu, hufanana na za magonjwa mengine. Mgonjwa anaweza kutibiwa malaria mara kadhaa bila kupona.

Mfugaji naye ana lake. Ng'ombe hupenda kulamba na kutafuna betri zilizotupwa, na wengi hufa kwa njia hiyo. Kuku wanaochakura penye vumbi la risasi hutaga mayai yenye sumu hiyo. Risasi haiozi, hivyo udongo ukishachafuka hubaki hivyo kizazi hata kizazi.

Hesabu ya fedha

Badala ya betri, chanzo kinachofaa zaidi ni mabomba ya zamani ya risasi, mabaki ya machubwi, na vile vipande vidogo ambavyo mafundi matairi hubana kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike.

Hata hivyo, si kila kipande cha rimu ni risasi. Vingine ni vya chuma, vingine vya zinki. Risasi ni laini. Ukiikwaruza kwa msumari huacha alama inayong'aa. Zinki ni ngumu na ikidondoka hulia kwa sauti kali. Kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419, moto ukidhibitiwa chini ya hapo huelea juu na unaweza kuiopoa. Ikiyeyuka na kuchanganyika, chungu chote huharibika na hakijazi kalibu vizuri.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, fundi amenunua kilo 20 za vipande hivyo kwa Sh2,000 kila kilo. Ametumia Sh40,000. Baada ya kuondoa vibanio vya chuma, zinki na makapi, tuseme amebaki na kilo 16 za risasi safi. Gharama yake halisi si Sh2,000 tena bali Sh2,500 kwa kilo.

Kilo moja hutoa machubwi 10 ya gramu 100. Kila moja limekula Sh250 za malighafi kabla ya kuhesabu mkaa, muda wa fundi, nauli na vifaa vya kinga. Wengi huweka bei kwa kuangalia bei ya kununulia pekee, kisha hushangaa mtaji unapoyeyuka kama risasi yenyewe.

Vifaa vya kinga navyo ni sehemu ya gharama. Fundi anahitaji glovu za ngozi, miwani ya kinga, viatu vya kufunika mguu mzima, nguo nzito za pamba za kazini tu na barakoa maalumu yenye vichujio. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi la risasi. Bei ya chubwi ikishindwa kubeba vifaa hivi, biashara hiyo haina faida. Inakula afya ya fundi tu.

Penye jiko

Kosa la kwanza linalofanywa na wengi ni kutumia sufuria ya kawaida ya jikoni. Sufuria hizo ni za aluminiamu, na ingawa haziyeyuki mapema, hulegea kwa joto. Risasi ni nzito mno. Kitako kinaweza kuachia na metali ya moto ikamwagika miguuni. Chombo kiwe cha chuma kizito chenye kitako kipana, na kisirudi kamwe jikoni.

Adui wa pili ni maji. Tone moja likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na risasi hurushwa hewani. Kwa hiyo vyuma chakavu viwekwe chomboni kikiwa bado baridi ili vikauke kadiri joto linavyopanda. Kalibu na upawa vipashwe moto kwanza, na kazi isifanywe siku ya manyunyu.

Tatu ni mahali. Kazi ifanyike nje, penye upepo, mbali na nyumba, kisima, banda na bustani. Watoto na wajawazito wasikaribie. Moto usizidi unaohitajika, kwa kuwa joto likipanda mno mvuke wa risasi huongezeka. Katika joto la kawaida la kusubu, hatari kubwa zaidi ni vumbi na makapi yanayobaki mikononi na kwenye nguo.

Makapi yanayoenguliwa juu yasimwagwe shambani wala jalalani. Yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko mpaka yakabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi. Fundi asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto.

Je, lazima iwe risasi?

Hapa ndipo hesabu ya tatu inapoweza kumwokoa mjasiriamali. Mvuvi hanunui risasi. Ananunua uzito ndani ya maji. Kila kitu kikizama hupoteza sehemu ya uzito wake, kulingana na ukubwa wa umbo lake.

Kilo moja ya risasi ikizama hubaki na mvuto wa takribani gramu 910. Kilo ya chuma hubaki na gramu 870 hivi. Jiwe la kawaida hubaki na takribani gramu 620, na zege gramu 570.

Maana yake ni kwamba mahali pa kilo moja ya risasi mvuvi anahitaji chuma kilo 1.05 tu. Kwa jiwe atahitaji karibu kilo moja na nusu, na kwa zege kilo 1.6. Tofauti ya risasi na chuma, inayoonekana kubwa mkononi, majini ni ndogo sana.

Vipande vya nondo vinavyobaki kwenye ujenzi, nati kuukuu na pete za chuma vinaweza kukatwa kwa msumeno, kulainishwa kingo na kufungwa kwenye kamba ya chini ya wavu. Chuma hushika kutu, hasa baharini, hivyo kinahitaji kupakwa rangi na kubadilishwa baada ya muda. Lakini hakihitaji jiko wala kibali cha taka hatarishi, na hakimdhuru mtoto.

Zege ni la bei nafuu zaidi kwa nyavu zinazokaa mahali pamoja. Simenti na mchanga humiminwa kwenye vikopo vilivyopakwa mafuta, na tundu la kamba hupatikana kwa kuchomeka kipande cha bomba la plastiki. Kasoro yake ni ukubwa, maana hujaza nafasi ndani ya mtumbwi, na kingo zake zisipolainishwa hukata nyuzi.

Risasi hubaki na nafasi kwenye mshipi wa mkono penye mkondo mkali, ambako chubwi dogo na zito hushuka haraka. Hata huko nafasi hiyo inapungua. Uingereza ilipiga marufuku machubwi mengi madogo ya risasi tangu mwaka 1987, baada ya kubainika kuwa mabata maji waliyameza na kufa.

Kwa anayeanza na mtaji mdogo, njia ya busara ni kugawa soko lake. Aanze na machubwi ya chuma na zege kwa ajili ya nyavu, ambako wanunuzi huchukua mengi kwa mkupuo. Risasi aiachie oda maalumu za wavuvi wa mshipi, na aiguse pale tu atakapokuwa amenunua vifaa vyote vya kinga na kupata mahali pa mbali na watu.

Aliyekwisha kuifanya kazi hii nyumbani hana sababu ya kungoja dalili. Aende hospitali kubwa ya karibu yeye na watoto wake, aeleze wazi kuwa amekuwa akiyeyusha risasi, na aulize kuhusu kipimo cha damu. Daktari asiyeambiwa kazi ya mgonjwa wake hawezi kuibashiri.