Magunia mawili ya mbegu

Mfano huu nimeubuni, ila mkazi yeyote wa Elburgon, huku Nakuru nchini Kenya, atautambua. Ni Machi, masika yanakaribia. Kijana wa miaka 15 anang'oa mabanzi mawili nyuma ya ghala la jirani usiku wa manane, anaingia, na akisaidiwa na mwenzake mwenye mkokoteni anaondoka na magunia mawili ya viazi. Kufikia saa moja asubuhi viazi vimeshauzwa kwa bei ya kutupa kando ya barabara ya Njoro. Kufikia saa tatu, mwizi amejulikana.

Hapo pana njia tatu. Ya kwanza ni mawe na tairi la moto la umati, na sote tunajua inakoishia. Ya pili ni seli ya kituo cha polisi, kisha kizimba cha mahakama ya Molo, kisha rumande ya watoto kule Nakuru. Ya tatu imo katika sheria yetu tangu Julai 2022, na ni wachache mno wanaoiulizia.

Sheria ya Watoto ya mwaka huo, Namba 29, ilichukua nafasi ya ile ya 2001. Ilipandisha umri wa kuwajibikia jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mwenye miaka 12 lakini hajatimiza 14 huchukuliwa kwamba hakuwa na akili ya kutambua kosa, hadi upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Kubwa zaidi, iliruhusu kesi ya mtoto ichepushwe isifike hukumuni, mradi mtoto mwenyewe akubali kosa bila kushurutishwa na wazazi au walezi wake waridhie. Sheria inataja kuomba radhi, kurudisha mali na kulipa fidia. Inataja pia kikao cha familia na upatanisho kati ya mkosaji na aliyekosewa. Wataalamu huita mambo haya haki rejeshi. Bibi zetu wasingehitaji jina.

Turudi kwenye ghala. Karatasi ya mashtaka ingeandika: magunia mawili ya viazi, thamani shilingi kadhaa. Basi. Lakini mwenye ghala akipewa kiti na nafasi ya kusema, atasema jambo ambalo karatasi haina. Vile havikuwa viazi vya kula. Vilikuwa mbegu za aina ya Shangi. Alivichagua kimoja kimoja, vya ukubwa wa yai, akavitandaza gizani hadi vikachipua. Mnunuzi wa barabarani alivipika chipukizi zikiwa zimeshaondolewa kwa kisu. Kijana hakuiba chakula cha wiki moja, aliiba msimu mzima, na karo iliyokuwa ndani yake.

Nadhani hapo ndipo kijana huinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Kizimbani hangeinamisha. Kizimbani angejifunza kukana, maana kila mtu humwambia akane.

Na malipo? Mbegu nyingine zitanunuliwa, sawa, mzazi atachangia. Ila kijana naye atafika shambani kila Jumamosi, siku isiyo ya shule: kuchimba mifereji, kupanda, kupalilia, kuinulia udongo kwenye mashina, kuangalia majani yasishikwe na ukungu. Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Kwa hiyo adhabu ina mwanzo na mwisho wake, na mwisho wenyewe unapimwa kwa gunia. Atakayesema hii ni huruma tupu hajawahi kuinulia viazi udongo katika baridi ya Elburgon.

Wapo watakaoniambia haya si mapya, kwamba mabaraza ya wazee, kiama cha Wakikuyu na kokwet ya Wakalenjin, yalikuwa yakifanya hivi kabla mzungu hajaleta reli. Kweli, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zihimize mapatano na njia za jadi za kutatua migogoro. Ila nina manung'uniko mawili.

La kwanza: mara nyingi baba ndiye hutozwa mbuzi, baba hulipa, wazee hula, na kijana anakaa nje akichezea simu. Hapo aliyefunzwa ni nani? La pili ni zito zaidi. Elburgon si kijiji cha ukoo mmoja. Viwanda vya mbao, reli na mashamba vilileta watu wa kila kabila, na sehemu hizi za Molo ziliungua kwa ghasia za kikabila mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008. Mtoto wa upande huu akiiba katika ghala la upande ule, wazee wa nani ndio wataketi? Wakiketi wa upande mmoja, uamuzi wao utaonekana njama. Ndiyo maana kikao kinahitaji mtu asiye wa upande wowote: afisa wa watoto au afisa wa probesheni, na barua ya kiongozi wa mashtaka inayotambua makubaliano. Magunia mawili ya viazi yakiachwa kwa vijana wenye rungu, hapa kwetu hayabaki kuwa magunia mawili.

Kuna makosa mengine yasiyofaa kupelekwa kwa wazee kamwe. Mtoto wa kike akinajisiwa, hakuna mbuzi wa kulipia, na familia zinazokubaliana nyuma ya nyumba zinamuumiza mara ya pili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikuwapa wazazi wala chifu uwezo wa kuifuta kesi ya namna hiyo.

Kwa wanaodhani mambo haya ni ya kijijini tu, mji wa Elmira huko Ontario, Kanada, ulikuwa na kisa chake mwaka 1974. Vijana wawili walilewa wakaharibu mali ya watu 22 kwa usiku mmoja. Afisa wa probesheni, Mark Yantzi, alipendekeza wapelekwe kwa waathiriwa wenyewe, na hakimu akakubali. Walipita mlango kwa mlango, wakasikiliza, na baada ya miezi michache walikuwa wamelipa. Jirani zetu Uganda nao, kupitia sheria yao ya watoto, waliipa mahakama ya kijiji uwezo wa kusikiliza wizi mdogo wa watoto na kuamuru radhi, fidia au upatanisho. Sisi tunayo sheria. Kinachokosekana ni watu wa kuiulizia.

Basi, mzazi wa Elburgon, mwanao akishikwa, usikimbilie kutafuta wa kuhonga wala wa kumfundisha kukana. Mtafute afisa wa watoto siku hiyo hiyo, na mwulize kama kesi inaweza kuchepushwa kabla mtoto hajasomewa mashtaka. Nawe uliyeibiwa, dai kiti chako kwenye kikao hicho, uketi, na useme zilikuwa mbegu.