Nyimbo za Stoo Zinazomsuta Mwenyewe

Mwanamuziki akikusanya nyimbo zake bora, anatuonyesha jinsi anavyopenda tumwone. Akikusanya nyimbo adimu, yaani majaribio aliyoyaacha njiani, matoleo yaliyokataliwa na santuri zilizochapwa chache kisha zikasahaulika, anatuonyesha mengi ambayo pengine hakuyakusudia. Mfano mzuri ni Trax! Rarities ya mwaka 2015, mkusanyiko wa kazi za mwanzo za Al Jourgensen, mzaliwa wa Havana, Kuba, aliyeanzisha bendi ya Ministry mjini Chicago, Marekani, mwaka 1981. Wengi huuona kama zawadi kwa mashabiki sugu. Mimi nauona kama ushahidi, tena ushahidi unaopingana na simulizi ya Jourgensen mwenyewe.

Ministry wanajulikana kwa muziki wa roki uitwao wa viwandani: magitaa yanayokwaruza, mashine za ngoma zisizochoka, vipande vya sauti vilivyonyofolewa kwenye filamu na hotuba, na mwimbaji ambaye sauti yake imepitishwa mitamboni hadi ikaharibika. Albamu yao Psalm 69 ya mwaka 1992 iliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani. Lakini albamu yao ya kwanza, With Sympathy ya mwaka 1983, ilikuwa laini, ya vinanda vya umeme, ya kuchezwa disko. Jourgensen aliikana kwa miaka mingi, akidai kwamba kampuni ya Arista ndiyo iliyomlazimisha kupiga muziki ule.

Rekodi za nje ya Arista hazikubaliani naye. Kabla ya mkataba wake na kampuni hiyo alikwisha kutoa Cold Life kupitia Wax Trax!, kampuni ndogo ya Jim Nash na Dannie Flesher, wauza santuri wa Chicago, na wimbo huo ni wa kucheza waziwazi. Alipoachana na Arista alirudi Wax Trax!, akatoa Everyday Is Halloween, wenye kinanda kitamu na kiitikio cha kushika haraka. Arista huenda waliipiga msasa With Sympathy kupita kiasi, ila mbao ilikuwa yake. Ukali ulikuja polepole: Twitch ya mwaka 1986, aliyoirekodi na mtayarishaji wa Kiingereza Adrian Sherwood, bado ni ya mashine; magitaa yalitamalaki mwaka 1988 kwenye The Land of Rape and Honey. Wakati huo huo alikuwa akijinoa pembeni. Kwa kuwa jina la Ministry lilikuwa limefungwa na mkataba wa kampuni ya Sire, kazi nyingine alizitoa Wax Trax! kwa majina mengine: Revolting Cocks, mradi alioupiga na Wabelgiji, na Pailhead, ambamo aliimba Ian MacKaye, mpanki wa Washington.

Wapo wasemao kwamba nyimbo adimu za stoo ni makombo: kama zingefaa, zingetoka mapema. Kwa baadhi ya nyimbo hizo hoja hiyo ni ya kweli. Kuna majaribio ambayo hata shabiki atayasikiliza mara moja tu. Hata hivyo, wimbo haufichwi kwa sababu ya ubovu peke yake. Trent Reznor wa Nine Inch Nails aliimba Supernaut, wimbo wa Black Sabbath, kwa ajili ya kikundi kingine cha Jourgensen, 1000 Homo DJs. TVT, kampuni iliyommiliki Reznor, ikazuia sauti yake isitumike, na santuri ikatoka mwaka 1990 ikiwa na sauti ya Jourgensen. Wax Trax! ilipofilisika mwaka 1992 ilinunuliwa na TVT hao hao, na mwaka 1994 wakaiuza sauti ya Reznor waliyoizuia. Ubora wa wimbo haukuongezeka hata chembe katika miaka hiyo minne. Kilichobadilika ni mwenye mali.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba msanii ana haki ya kuukana ujana wake. Anayo. Ila haki hiyo haimlazimu msikilizaji kuamini sababu anazozitoa, hasa santuri zikiwa bado zipo mikononi mwa watu. Na mwenyewe hatimaye amelegea: mwaka 2025 Ministry walitoa The Squirrely Years Revisited, wakizirekodi upya nyimbo za enzi ile ile aliyokuwa akiikimbia. Kwa hiyo asiyewajua Ministry aanze na Psalm 69, kisha asikilize Cold Life na Everyday Is Halloween, ndipo aamue kama kuna aliyemshika Jourgensen mkono.