Sura ya 6: Kushika Bila Kubonyeza

Zungumza na mwenye kiwanda chochote kuhusu mashine za kukata slesi, na baada ya muda mfupi mtakuwa mnazungumzia kisu. Jibini ikitoka imepondeka, kisu ndicho kinacholaumiwa, na kipya kinaagizwa kwa bei ya kutoa machozi. Kisha slesi zinaendelea kupondeka vilevile, kwa sababu jibini iliumizwa kabla haijafika kwenye kisu. Aliyeiumiza ni mkono wa mashine, ule unaoishika kwa nyuma. Nitaeleza mambo matatu: mkono huo unajuaje chakula kiko wapi, unakigusaje, na unakikamataje.

La kwanza ni jepesi. Gogo la jibini au soseji nene huletwa na mkanda, na njiani hukatiza mwale wa mwanga. Mashine hupima mkanda umesogea kiasi gani tangu mwale ulipokatika hadi ulipofunguka tena, na papo hapo imepata urefu wa gogo na mahali mkia wake ulipo. Siku hizi kila brosha inatuhubiria akili mnemba. Hapa zinatosha taa, kipokezi cha mwanga na hesabu ya shule ya msingi. Mashine kubwa hupima pia umbo la gogo kwa leza au eksirei, lakini hiyo ni kazi ya kusawazisha uzito wa slesi.

La pili ndilo linalopotoshwa zaidi. Watu hudhani ukitaka upole, punguza nguvu ya mkono. Wanasahau kasi. Mkono wa kilo 4 unaokuja kwa nusu mita kwa sekunde umebeba nusu jouli ya nishati, na nishati hiyo ikikosa breki itaishia ndani ya jibini. Punguza kasi mara kumi, nishati inapungua mara mia. Kwa hiyo mkono uliotengenezwa vizuri hukimbia sehemu kubwa ya safari, kisha hupunguza mwendo sentimita chache kabla ya mkia. Unaweza kufanya hivyo kwa kuwa mwale ulishauambia mkia uko wapi.

Mbele ya mkono huwekwa bamba jepesi lenye springi laini. Bamba linagusa, linarudi nyuma milimita chache, sensa inaliona limerudi, mkono unasimama. Bamba liwe pana: nyutoni 20 zikikaa kwenye sentimita 4 za mraba ni kilopaskali 50, zikitandazwa kwenye sentimita 80 za mraba ni kilopaskali 2.5 tu. Wapo wanaotaka kuokoa fedha kwa kuliondoa bamba na kusikiliza umeme wa mota, kwamba mota ikigonga kitu, umeme utapanda. Kwa mbao, sawa. Kwa jibini laini, mguso wenyewe ni mdogo kuliko msuguano wa reli. Umeme ukija kupanda, gogo limeshabonyea.

Sasa, kwa nini kukamata? Si mkono usukume tu? Kisu kinachozunguka mara 1,000 kwa dakika humaliza mzunguko kwa milisekunde 60, na hakisimami kungoja slesi kumi za pakiti moja ziondoke. Gogo likibaki pale pale, kisu kitalikwangua na kumwaga makapi. Basi mkono hulivuta nyuma milimita chache, kisu kinakata hewa, kisha gogo linarudishwa. Kuvuta kunataka makucha: ndoano zilizopinda zinazojizungusha na kuzama mkiani.

Hapo ndipo kukaza kunapojilipiza. Gogo laini lililosukumwa kwa nguvu limefupika. Mkono ukirudi milimita tatu, gogo linatumia mbili kujinyoosha, na uso wa mbele unaondoka kwenye kisu kwa milimita moja tu. Makapi yanamwagika, fundi anayaona, anakaza zaidi. Nimesikia watu wazima wakisema mashine ina jini la zamu ya usiku. Jini huyo ni joto. Magogo yaliyoachwa nje ya chumba cha baridi yamelainika, na makucha yanachana badala ya kushika. Kipimajoto humfukuza vizuri kuliko ubani.

Nilikusudia kumalizia na vishikio vya kunyonya kwa hewa, lakini siwezi kumpita Otto Rohwedder, sonara wa Iowa. Mashine yake ya kukata mkate ilianza kazi kwenye kiwanda cha mikate cha Chillicothe, Missouri, mwaka 1928, na tangu hapo watu husifu safu yake ya visu. Waokaji wa wakati ule hawakuwa na shaka na visu. Shaka yao ilikuwa kwamba mkate ukishakatwa utasambaratika na kukauka. Rohwedder alijaribu kuzifunga slesi kwa pini. Gustav Papendick, mwokaji wa St. Louis aliyenunua mashine ya Rohwedder, alijaribu mipira na pini za chuma, zote zikamshinda, mwishowe akaziweka kwenye trei ya kadibodi iliyozishikilia mpaka zifungwe. Angalia karatasi ile ilivyofanya: iligusa eneo kubwa, kwa nguvu ndogo, bila kutoboa.

Mkate una somo jingine ambalo walaji hulikataa: mkate wa moto haukatiki vizuri. Ukitoka tanurini wanga wake haujakaza, kwa hiyo waokaji huuacha upoe mpaka katikati ufike nyuzi 35 hadi 40 hivi. Jibini hupozwa kwa sababu iyo hiyo. Ugumu unaoukosa kwenye chakula usiutafute kwenye makucha. Utafute kwenye friji.

Vishikio vya kunyonya vitasubiri sura inayofuata. Vina uzushi wao, na ni mwingi.