Kilo chache pungufu, vipimo vingi bora: somo kutoka barabara za Kigali

Mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumapili, baadhi ya barabara kuu za jiji la Kigali nchini Rwanda hufungwa kwa magari tangu asubuhi. Kwa saa chache, barabara hizo huwa mali ya watembea kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Wazee huonekana wakipanda mlima taratibu sambamba na vijana, na watu hukusanyika kufanya mazoezi ya viungo kwa pamoja. Siku hiyo, iitwayo Siku ya Bila Magari, ilianzishwa mwaka 2016 ikifanyika mara moja kwa mwezi. Tangu mwaka 2018 hufanyika mara mbili, na Rais Paul Kagame ameshiriki mara kadhaa.

Hata hivyo, mazoezi ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili hufanyika kwenye meza za wahudumu wa afya, ambako wananchi hupimwa bila malipo shinikizo la damu, sukari, uzito na urefu. Hapo ndipo mtu aliyetoka nyumbani akijiona mzima anapoweza kukabidhiwa kikaratasi chenye tarakimu zinazosema vinginevyo.

Shinikizo la damu na kisukari aina ya pili ni maradhi yasiyopiga hodi. Mara nyingi hukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, yakidhoofisha moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo, hadi siku mtu anapopooza upande mmoja au anapoambiwa kwamba figo zake zimechoka. Kwa familia isiyo na bima ya kutosha, siku hiyo ni msiba wa afya na wa mfuko kwa pamoja. Ndiyo maana swali la anayekabidhiwa kikaratasi hicho ni zito: je, tarakimu hizi zaweza kushuka, na kwa juhudi ya kiasi gani?

Tarakimu zinasema nini

Mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu iwapo vipimo vyake, vilivyochukuliwa katika siku tofauti, ni 140 kwa 90 au zaidi. Tarakimu ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma, na ya pili ni nguvu yake wakati moyo unapumzika. Kipimo kimoja pekee hakitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa hofu, haraka au kikombe cha kahawa vinaweza kuipandisha damu kwa muda.

Kwa upande wa sukari, mtu ambaye hajala usiku kucha huhesabiwa kuwa na kisukari iwapo kipimo chake kimefika milimoli 7.0 kwa lita, au miligramu 126 kwa desilita katika mashine zinazotumia kizio hicho. Walio chini kidogo ya hapo, lakini juu ya kiwango cha kawaida, wako katika hali ambayo madaktari huiita dalili za awali za kisukari. Hao ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kugeuza njia kabla ya ugonjwa kuingia.

Kipimo cha tatu hakihitaji mashine yoyote. Futi kamba ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni inatosha. Wanaume waliozidi sentimita 94 na wanawake waliozidi sentimita 80 huhesabiwa kuwa katika hatari iliyoongezeka, hata kama mzani haujawatia hofu.

Kwa nini kitambi kina uzito kuliko paja

Mafuta ya mwilini hayafanani. Yale yaliyo chini ya ngozi, mathalani mapajani na makalioni, hayana madhara makubwa. Yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakiyazunguka matumbo na kupenya ini, ndiyo yanayovuruga kazi ya mwili.

Kwa kawaida kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo huziamuru seli zipokee sukari kutoka katika damu na huliamuru ini lisiongeze sukari nyingine. Ini lililojaa mafuta huacha kutii amri hiyo na huendelea kumwaga sukari katika damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na mafuta yanayotoka kwenye ini huongezeka katika damu, mengine yakifika kwenye kongosho lenyewe. Baada ya miaka kadhaa ya kuzidiwa, kongosho hulegea na sukari hupanda.

Habari njema ni kwamba ini ni miongoni mwa sehemu za kwanza kupunguza mafuta mtu anapoanza kupungua uzito. Kwa sababu hiyo, sukari inaweza kuanza kushuka hata kabla ya majirani kuona tofauti yoyote ya umbo. Shinikizo la damu nalo hufuata: tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huambatana na kushuka kwa takriban milimita moja ya zebaki katika tarakimu ya juu. Mtu aliyekuwa na 146 akapungua kilo saba anaweza hivyo kuukaribia au hata kuushuka mpaka wa 140, na mara nyingi zaidi akipunguza pia chumvi.

Ushahidi kutoka China na Marekani

Hayo si matumaini matupu. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 waliokuwa na dalili za awali za kisukari waliandikishwa katika utafiti uliohusisha kliniki 33. Baadhi yao walifundishwa kwa miaka sita kubadili chakula, kufanya mazoezi, au vyote viwili. Walipofuatiliwa baada ya miaka 30, ilibainika kwamba kundi hilo lilichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka minne ikilinganishwa na wenzao, lilipata maradhi machache zaidi ya moyo na mishipa, na liliishi kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja wa ziada.

Nchini Marekani, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja liliwekewa malengo mawili tu: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, kwa dakika 150 kila wiki. Baada ya takriban miaka mitatu, hatari ya kupata kisukari katika kundi hilo ilikuwa imepungua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipata punguzo la asilimia 31.

Asilimia 7 si jambo la kutisha. Kwa mtu mwenye kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Hakuna aliyetakiwa kuurudia mwili wa ujana wake.

Je, kisukari kilichokwisha kuingia hurudi nyuma?

Kwa muda mrefu wagonjwa wameambiwa kwamba kisukari aina ya pili hakina njia ya kurudi. Utafiti uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, ukaongozwa na maprofesa Michael Lean na Roy Taylor, ulitikisa kauli hiyo. Wagonjwa 149 waliokuwa wameishi na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, na wasiotumia insulini, walipewa kwa miezi kadhaa lishe maalumu ya maji yenye nishati ndogo, kisha wakarejeshwa hatua kwa hatua kwenye chakula cha kawaida. Wengine 149 waliendelea na matibabu ya kila siku.

Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi la kwanza walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha ugonjwa bila kutumia dawa yoyote, dhidi ya asilimia 4 katika kundi la pili. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, karibu tisa katika kila kumi walifikia hali hiyo. Baada ya mwaka wa pili, kiwango cha kundi la kwanza kilishuka hadi asilimia 36, na kiliendelea kupungua katika miaka iliyofuata kadiri uzito ulivyowarudia baadhi yao. Kwa hiyo wataalamu hawasemi kwamba kisukari kimepona, bali kimetulia. Uzito ukirudi, nacho hurudi.

Yapo pia mambo ya kuzingatia kwa watu wa ukanda huu. Watafiti nchini Uganda wamebaini kwamba sehemu isiyo ndogo ya watu wazima wanaogunduliwa kuwa na kisukari hawana unene. Kwao, tatizo kubwa laweza kuwa kongosho lisilotoa insulini ya kutosha, na kuwahimiza wapungue kunaweza kuwadhuru. Mtu mwembamba mwenye sukari ya juu anahitaji kumwona daktari kabla ya kugusa sahani yake.

Sahani, kikombe na njia ya kazini

Kwa mwenye uzito uliozidi, mabadiliko yenye manufaa hayahitaji vyakula vya kuagizwa ng'ambo. Maharage, mboga za majani, samaki, dagaa, viazi vitamu na matunda vinapatikana katika masoko ya Kigali, Bujumbura, Kampala na Bukavu. Kinachohitaji kubadilika mara nyingi ni mgawanyo wake: mlima wa ugali, wali au ndizi upungue, na nusu ya sahani ichukuliwe na mboga.

Vinywaji vina siri kubwa zaidi. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu nne za sukari. Mtu anayetia vijiko vitatu katika kila kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku hutumia karibu gramu 50, kabla ya kuhesabu soda. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku. Kupunguza kijiko kimoja kila wiki huupa ulimi nafasi ya kuzoea.

Chumvi nayo, kwa mujibu wa shirika hilo, haifai kuzidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kwa vyakula vyote. Vidonge vya kukoleza mchuzi vina chumvi nyingi, na anayevitumia kisha akaongeza chumvi mezani hutia mara mbili.

Kuhusu mazoezi, dakika 150 kwa wiki ni sawa na nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku tano. Kushuka kwenye basi vituo viwili kabla ya kufika, au kuiacha bodaboda kwa safari fupi, huhesabika. Hata hivyo, mazoezi pekee hupunguza uzito kwa kiasi kidogo pasipo kugusa chakula. Faida yake kubwa ni kuifanya misuli ipokee sukari vizuri zaidi na kuuzuia uzito uliopotea usirudi.

Kikwazo kisichopimika kwa mzani

Kipo kizuizi ambacho vitabu vya tiba hukitaja kwa nadra. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, mwili mnene umehesabiwa kuwa ishara ya neema, amani ya nyumbani na mume anayejua wajibu wake. Tangu miaka ya UKIMWI, kukonda kumebeba tuhuma. Mwanamke anayepungua kilo sita kwa jitihada zake huulizwa na majirani kama anaumwa, au kama nyumbani hakuna chakula. Wapo wanaokata tamaa na kuurudia uzito wa awali ili tu wanyamazishe minong'ono.

Hapa ndipo faida ya kufanya jambo hili kwa wingi inapoonekana. Anayetembea peke yake alfajiri huulizwa anakwenda wapi. Anayetembea katika umati hana wa kumjibu. Nyumbani nako, sahani iliyobadilishwa kwa familia nzima hudumu kuliko chungu cha mgonjwa mmoja kinachopikwa kando.

Tahadhari

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi asipunguze chakula ghafla bila kushauriana na mhudumu wa afya, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi na kumzimisha. Aidha, hakuna anayepaswa kuacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu kipimo kimoja kimekuwa kizuri. Huenda ni dawa hizo hizo zilizokifanya kiwe kizuri. Wajawazito hawapaswi kujaribu kupungua uzito. Na yeyote anayekonda bila kukusudia, hususan akiwa na kiu kali, kikohozi cha muda mrefu au homa, aende hospitali, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya kisukari chenyewe, kifua kikuu au maradhi mengine.

Kwa aliyekabidhiwa kikaratasi chenye tarakimu za juu, hatua ya kwanza ni kurudia kipimo katika kituo cha afya, kwa utulivu, na kwa sukari bila kula tangu usiku. Tarakimu hizo zikithibitishwa, ataanza njia pamoja na mhudumu wake. Kikaratasi hicho kinafaa kuhifadhiwa, kwa sababu baada ya miezi mitatu atahitaji kukilinganisha na kingine.