Mpira Hauishi Mpaka Firimbi Ilie

Unapotazama mpira Gombani, usiondoke mapema. Mwaka 2017 timu ya Zanzibar ilikwenda Kenya kwenye mashindano ya CECAFA. Tanzania Bara ilitangulia kuifunga, lakini Zanzibar ikarudisha, ikashinda 2–1.

Siku ya fainali Kenya ilifunga mapema. Watu wakaona mambo yamekwisha. Dakika ya 87 Khamis Mussa Makame akasawazisha.

Fainali ikiwa sare, huongezwa dakika 30. Kenya ikafunga tena. Khamis akasawazisha tena! Ikiwa bado sare, hupigwa penalti. Hapo Kenya ilishinda 3–2.

Zanzibar ilikosa kombe. Hata hivyo, wachezaji walipokewa nyumbani kwa shangwe, kwa kuwa hawakukata tamaa. Nawe usikate tamaa.