Unapochagua pikapu au fobaifo kuukuu kuwa gari la familia

MZAZI anayefanya kazi mjini na mwenye shamba mashambani hufika wakati akachoshwa na gari dogo. Ni lile linalokwama katika tope la Nyandarua kila msimu wa masika, linalokwaruza tumbo kwenye kila tuta, na lisiloweza kubeba magunia mawili ya viazi pamoja na watoto watatu. Hapo ndipo humjia wazo la kutafuta pikapu ya kebini mbili, ile yenye milango minne, au gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo mitaani huitwa fobaifo. Kwa kuwa bei ya magari mapya ya aina hiyo haifikiki kwa mwenye mshahara wa kawaida, hujikuta katika soko la yaliyotumika.

Wazo lenyewe si baya. Kasoro ni kwamba wengi hununua kwa macho. Gari lililoinuka, lenye boneti pana na magurudumu manene, humfanya aliye ndani ajihisi salama, na hisia hiyo ndiyo inayouzwa yadini. Lakini kuinuka na kuwa salama ni mambo mawili tofauti, na katika magari haya wakati mwingine hupingana.

Tuanze na pikapu. Gari hili liliundwa kubeba mizigo. Mwili wake umefungwa kwa bolti juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, na nyuma, katika aina nyingi, hubebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo huwa ngumu kimakusudi ili ziweze kuhimili karibu tani moja. Pikapu ikiwa tupu, huwa hazina uzito wa kutosha wa kuzilainisha. Ndiyo sababu hurukaruka kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, na magurudumu ya nyuma huteleza upesi kwenye lami iliyolowa. Atakayeketi nyuma ya dereva kwa saa sita, mara nyingi mama mzee au mtoto, atalisikia kila shimo.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo ya kuchoka. Kwa kuwa uzito wake uko juu, pikapu au fobaifo hupinduka kwa urahisi zaidi kuliko gari la chini inapokatwa usukani kwa ghafla. Jarida la Teknikens Värld la Uswidi limekuwa likifanya jaribio ambapo dereva hukwepa kizuizi kana kwamba mnyama amejitokeza barabarani, kisha akarudi upande wake. Toyota Hilux ilishindwa katika jaribio hilo mwaka wa 2007, na muundo mwingine mpya wake ukashindwa tena mwaka wa 2016, magurudumu yakiinuka kutoka ardhini katika mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa. Baada ya tukio hilo la pili, kampuni iliufanyia marekebisho mfumo wake wa kudhibiti mserereko. Msomaji ambaye amewahi kukwepa ng'ombe au bodaboda iliyochomoka kichochoroni anaelewa kwamba kilomita 60 kwa saa si mbio.

Mwaka wa 2018, shirika la Global NCAP, ambalo hugongesha magari ili kupima usalama wake, liliipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyouzwa barani Afrika. Haikupata hata nyota moja katika ulinzi wa abiria watu wazima, ingawa ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Jina la gari hilo kwa Kiingereza humaanisha mwili mgumu, na huenda ndilo lililowafariji wengi. Ugumu unaohitajika ni wa chumba cha abiria kutobonyea, na huo hauonekani kwa kugongagonga mlango kwa kidole kama wafanyavyo wanunuzi wengi.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, keti katika kiti cha dereva na uwashe swichi bila kuwasha injini. Mbele yako zitamulika taa za tahadhari. Tafuta ile yenye picha ya gari dogo linaloacha nyayo za kupindapinda. Hiyo ndiyo alama ya mfumo wa kudhibiti mserereko, ambao hubana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kumponyoka dereva. Taa hiyo, sawa na za breki na mifuko ya hewa, yapaswa kuwaka kisha izimike injini inapoanza kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda gari halina mfumo huo au mtu ameikata taa kuficha ubovu. Pikapu nyingi zilizouzwa kwetu katika miaka ya 2000 hazikuwa nao. Iwapo una uwezo wa kuchagua kati ya gari la zamani lililopambwa na jingine lisilovutia lakini lenye mfumo huu, chukua hilo la pili.

Kisha hamia kiti cha nyuma, mahali ambapo wanunuzi wengi hawaketi hata mara moja. Hesabu mikanda ya usalama. Katika pikapu kadhaa za zamani, abiria wa katikati hupewa mkanda wa kiunoni pekee, na nyingine mikanda ilipotelea chini ya kiti miaka mingi iliyopita. Vuta kila mmoja kwa nguvu uone kama unashika. Ukiwa na mtoto mdogo, njoo na kiti chake ukijaribu papo hapo, kwa maana mgongo wa kiti cha nyuma cha pikapu husimama wima na nafasi ya miguu huwa finyu. Katika fobaifo zenye safu tatu, viti vya mwisho hukaribiana mno na mlango wa nyuma. Afadhali viwe vya safari fupi.

Ama kuhusu pikapu ya kebini moja, haifai kuitwa gari la familia hata kama bei yake inapendeza. Tunajua inakoishia. Baba na mama huketi mbele, na watoto hutupwa nyuma pamoja na mizigo, wakishikilia vyuma. Huko hakuna kiti wala mkanda, na dereva akifunga breki kwa ghafla hakuna kinachowazuia kurushwa.

Swali linalofuata ni kama kweli unahitaji nguvu kwenye magurudumu manne. Wakenya wengi wanaodhani wanazihitaji wanachohitaji ni tumbo la gari kuwa mbali na ardhi, pamoja na matairi yenye meno. Kwenye udongo mweusi wa Narok au Laikipia mvua ikinyesha, fobaifo yenye matairi yaliyolika hugeuka sleji, ilhali gari la kawaida lililoinuka kidogo, lenye matairi mazuri na dereva mwenye subira, hupita. Isitoshe, magurudumu manne husaidia gari kuondoka. Hayalisaidii kusimama. Breki za fobaifo hazina muujiza wowote, na uzito wake huzipa kazi zaidi.

Aidha, fobaifo si kitu kimoja. Hilux na Isuzu D-Max nyingi huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma hadi dereva aunganishe yale ya mbele. Kwa kuwa hazina difu ya katikati, kuziendesha zikiwa zimeunganishwa kwenye lami kavu hukaza mitambo hadi ivunjike. Toyota Prado kwa kawaida husukuma magurudumu yote wakati wote, na ina difu hiyo ya katikati ambayo dereva hufunga anapoingia kwenye tope. Aina zote hizi zina gia za chini kwa ajili ya milima na matope mazito. RAV4, Honda CR-V, Nissan X-Trail na Subaru Forester ni kundi jingine: mwili na chesisi ni kitu kimoja, huendeka kama gari dogo, na hazina gia hizo za chini. Kwa familia ambayo barabara yake mbaya ni kilomita tano za mwisho kuelekea nyumbani, kundi hili latosha, na mara nyingi ndilo bora.

Ikiwa umeamua kununua pikapu, fahamu inakotoka. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka wa 2004 na hakuirejesha hadi 2017. Kwa upande wetu, sheria hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza kuingizwa nchini, wala lenye usukani upande wa kushoto kusajiliwa. Ukiyaunganisha mambo hayo utaona sababu ya pikapu nyingi za kuuzwa hapa kuwa zimeishi maisha yake hapa hapa. D-Max, kwa mfano, huunganishwa Nairobi na kampuni ya Isuzu East Africa, iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi 2017. Mmiliki wa kwanza huwa ni kampuni ya ujenzi, shirika la misaada, shamba kubwa au idara ya serikali, na dereva wake hakuwa akilipia vipuri.

Basi ingia chini ya gari, au mlipe fundi wako, si wa muuzaji, aingie. Chama cha Magari nchini, AA, pia hukagua magari kwa malipo. Fuata vyuma viwili vya chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Ukiona mahali palipochomelewa, hasa nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikilia, gari hilo lilizidishiwa mizigo au liligongwa. Ukikuta springi zimeongezwa vyuma, jua kazi yake ilikuwa mawe au mchanga. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari lote haikupakwa kwa kulipendezesha. Linganisha nambari iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya cheti cha umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Kagua kama shafti ya mbele bado ipo. Kibandiko cha 4x4 ubavuni hakithibitishi lolote.

Sisitiza kuiwasha injini ikiwa baridi. Muuzaji anayekupokea gari likinguruma tayari anaficha jinsi lilivyoamka. Moshi wa samawati unaoendelea ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji ya rejeta yenye utando wa mafuta, waweza kuwa dalili ya kichwa cha injini kilichopasuka, ugonjwa uliozikumba injini nyingi za dizeli za Prado za miaka ya 1990 zilizowahi kuchemka. Halafu nenda kwenye barabara ya changarawe, unganisha magurudumu ya mbele, jaribu gia za chini na usikilize. Mitambo hii hukaa miaka bila kutumiwa na hushikana.

Fobaifo inayoletwa kutoka Japani ina maswali yake. Haikubeba mawe, lakini huenda iliishi mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi inayokula vyuma kutoka chini. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma kwa urahisi. Omba cheti cha kulisafirisha gari kutoka Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa huko, pamoja na karatasi ya mnada iliponunuliwa. Herufi R kwenye karatasi hiyo huashiria gari lililowahi kurekebishwa baada ya ajali. Muuzaji asiyekuwa na hata moja ya karatasi hizo amejijibu mwenyewe.

Dizeli yahitaji tahadhari ya pekee. Injini za kisasa zina chujio la kunasa masizi, ambalo hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Gari la kupeleka watoto shuleni na kurudi kwenye msongamano wa Nairobi halipati nafasi hiyo, na chujio huziba. Prado za dizeli zilizotengenezewa soko la Japani kuanzia 2015 huhitaji pia kimiminiko cha AdBlue. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm Januari 2015, hatua kubwa kwa kweli, lakini Japani na Ulaya hutumia ya 10. Kwa matumizi ya mjini, injini ya petroli ina maumivu machache ingawa hunywa zaidi.

Fanya hesabu ya kunywa huko mapema. Familia inayosafiri kilomita 1,500 kwa mwezi katika gari linaloenda kilomita nane kwa lita moja itatumia takriban lita 63 zaidi ya ile yenye gari la kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 750 kwa mwaka. Ongeza matairi matano mapana, na soma tarakimu nne za mwisho za tarehe kwenye ubavu wa kila moja: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2019. Vipuri vya Toyota na Isuzu hupatikana Barabara ya Kirinyaga na karibu kila mji. Vya majina mengine ya kifahari huagizwa, na gari hungoja.

Hatimaye ni karatasi. Tafuta rekodi ya gari kwa mamlaka ya NTSA kupitia eCitizen uone mmiliki ni nani na kama jina la benki au kampuni ya mikopo limeandikwa kando yake. Iwapo limo, deni halijalipwa na gari laweza kuchukuliwa mikononi mwako. Uliza kampuni ya bima, kabla ya kulipa, kama pikapu hiyo itakatiwa bima ya kibinafsi au ya kibiashara, kwa kuwa anayebeba familia kwa bima ya mizigo huenda akakataliwa fidia siku ya ajali. Na usikabidhi fedha za mwisho hadi muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mtandao nawe uuone ukiwa na jina lako.